Kujiuzulu kazi na muda wa notisi (Tanzania)

Kujiuzulu kazi (pia: kuacha kazi kwa hiari) ni hatua ya mfanyakazi kusitisha mwenyewe mkataba wake wa ajira. Notisi ni taarifa ya maandishi ambayo upande mmoja wa mkataba unaupa upande wa pili kabla ya kuuvunja, na muda wa notisi ni siku zinazohesabiwa tangu taarifa hiyo ilipotolewa hadi siku ya mwisho ya ajira. Katika siku hizo mfanyakazi anaendelea kufanya kazi, kulipwa mshahara na kufuata kanuni za mahali pa kazi kama kawaida.

Kwa Tanzania Bara jambo hili linatawaliwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004. Zanzibar ina Sheria ya Ajira yake, Na. 11 ya mwaka 2005. Makala hii inahusu Tanzania Bara, na inachukua mifano mingi kutoka jiji la Arusha na maeneo yanayozunguka Mlima Meru, ambako hoteli, kampuni za utalii, mashamba ya maua na kahawa, viwanda, shule binafsi na mashirika ya kimataifa yanaajiri watu chini ya mikataba ya aina mbalimbali.

## Jina

Kitenzi "uzulu" kina asili ya Kiarabu na maana yake ni kumwondoa mtu katika cheo. "Kujiuzulu" ni kujiondoa mwenyewe. Zamani neno hilo lilitumika zaidi kwa wenye vyeo: waziri, mwenyekiti, jumbe. Katika mazungumzo ya kila siku mpishi, dereva au mlinzi husema "nimeacha kazi". Siku hizi maneno yote mawili hutumika kwa maana moja katika barua za kazi.

Ni vema kutofautisha kujiuzulu na mambo mengine yanayomaliza ajira:

* kuachishwa kazi: mwajiri ndiye anayesitisha mkataba, kwa mfano kwa kosa la nidhamu au kwa kushindwa kazi;
* kupunguzwa kazi: mwajiri anapunguza watu kwa sababu za kiuchumi au za kimuundo;
* kustaafu: ajira inakoma kwa kufikia umri uliowekwa;
* kumalizika kwa mkataba: muda uliokubaliwa umefika mwisho wake;
* utoro: mfanyakazi anatoweka bila taarifa. Kwa mujibu wa mwongozo wa kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya kuridhisha ni kosa linaloweza kumfanya mfanyakazi aachishwe kazi.

Tofauti hizo si za maneno tu. Kila njia ya kutoka kazini ina malipo yake, na mtu anaweza kupoteza haki fulani kwa kuchagua njia isiyo sahihi.

## Historia

Haki ya kuacha kazi haikuwepo siku zote. Wakati wa utawala wa Uingereza nchini Tanganyika, sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 iliweka adhabu ya faini au kifungo kwa mfanyakazi wa Kiafrika aliyetoroka kazi kabla ya kumaliza mkataba wake. Katika mashamba ya walowezi, yakiwemo yale ya kahawa na mkonge ya kaskazini, vibarua wengi walifanya kazi kwa *kipande*, yaani kadi iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi hadi zitimie 30. Aliyeondoka kipande kikiwa hakijajaa hakupoteza ujira wake tu. Aliweza pia kukamatwa na kupelekwa mahakamani.

Adhabu za namna hiyo zilipingwa kimataifa. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzipunguza mwaka 1939 na mwingine wa kuzifuta mwaka 1955. Baada ya uhuru ilitungwa Sheria ya Usalama wa Ajira ya mwaka 1964, iliyobana uwezo wa mwajiri kumfukuza mfanyakazi ghafla. Sheria ya mwaka 2004 ilifuta ile ya 1964 pamoja na sheria nyingine za zamani za ajira, ikaweka utaratibu mmoja wa kumaliza ajira kwa pande zote mbili.

Tangu hapo kuondoka bila notisi si kosa la jinai. Ni suala la madai tu kati ya mwajiri na mwajiriwa, na uzito wake ni wa fedha.

## Muda wa notisi kisheria

Kifungu cha 41 cha sheria hiyo, kama ilivyotungwa mwaka 2004, kinaweka muda wa chini kabisa:

* siku 7, kama notisi inatolewa ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira;
* siku 4 baada ya hapo, kwa anayeajiriwa kwa siku au kwa wiki;
* siku 28 baada ya hapo, kwa anayeajiriwa kwa mwezi.

Sheria inataja "siku", si "siku za kazi". Kwa hiyo Jumapili na sikukuu zinahesabiwa.

Mkataba wa mtu binafsi, au mkataba wa hali bora kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, unaweza kuweka muda mrefu zaidi, kwa mfano miezi miwili au mitatu kwa mameneja. Lakini muda huo lazima uwe sawa kwa pande zote mbili. Mkataba unaomtaka mfanyakazi atoe notisi ya miezi mitatu huku mwajiri akijiwekea mwezi mmoja unakwenda kinyume cha sheria.

Notisi lazima iwe ya maandishi, ionyeshe sababu ya kusitisha mkataba na tarehe ilipotolewa. Haiwezi kutolewa mfanyakazi akiwa katika likizo inayotolewa na sheria, wala siku za notisi haziwezi kwenda sambamba na siku za likizo hiyo. Mfanyakazi aliyeko likizo ya mwaka kwao Tanga au Singida, akipata kazi nyingine huko, hawezi kutuma barua na kuhesabu siku za likizo kuwa ndiyo notisi yake. Kinachoweza kusaidia hapo ni makubaliano na mwajiri.

Kanuni hizi zinawahusu pia wafanyakazi wa majumbani. Dada wa kazi anayelipwa kwa mwezi huko Njiro au Sakina anapaswa kutoa notisi ya siku 28 na anastahili kupewa notisi ya muda huohuo. Sheria ya 2004 haiwahusu askari wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Watumishi wa umma wana pia sheria na kanuni zao za utumishi.

## Mkataba wa muda maalumu

Utaratibu wa siku 28 unafaa kwa mkataba usio na kikomo. Katika mkataba wa muda maalumu, kwa mfano wa miaka miwili, hali ni tofauti. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinasema mfanyakazi anaweza kuuvunja mkataba huo kabla ya mwisho wake ikiwa mwajiri amekiuka masharti ya msingi. Kama mwajiri hajakiuka, njia halali ni kumwomba akubali mkataba uishe mapema.

Jambo hili huwagusa sana walimu wa shule binafsi, ambao wengi wako katika mikataba ya namna hii. Mwalimu aliyepata nafasi serikalini katikati ya muhula hujikuta akitakiwa kuripoti kituo kipya ndani ya siku chache, huku mkataba wake wa zamani ukiwa bado na miezi kadhaa. Barua yake basi inapaswa kuwa ombi la kusitisha mkataba kwa makubaliano, na jibu la mwajiri lipatikane kwa maandishi.

## Barua ya kujiuzulu

Hakuna fomu maalumu ya serikali. Barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au kwa kompyuta. Mambo ya lazima ni machache:

1. jina na cheo cha mwandikaji, na jina la mwajiri;
2. tarehe ya barua;
3. tamko lililo wazi kwamba anasitisha mkataba;
4. sababu, hata kwa sentensi moja;
5. siku ya mwisho ya kazi, baada ya kuhesabu muda wa notisi;
6. sahihi.

Ni busara kubaki na nakala iliyogongwa muhuri au kusainiwa "imepokelewa" pamoja na tarehe. Ugomvi mwingi wa baadaye huanzia hapa: mwajiri anasema barua haikufika, na mfanyakazi hana cha kuonyesha.

Barua ya hasira iliyoandikwa usiku mmoja huweza kuleta hasara ya muda mrefu. Maneno kama "kuanzia leo sifanyi kazi hapa" yanamwondolea mwandikaji nafasi ya kutumikia notisi. Na barua ikishapokelewa, kwa kawaida haiwezi kufutwa bila mwajiri kuridhia.

## Kutumikia notisi

Katika siku za notisi mfanyakazi hufanya kazi zake na kuandaa makabidhiano. Dereva wa kampuni ya utalii hukabidhi gari, vifaa vyake na kumbukumbu za safari. Mhasibu hufunga hesabu na kurejesha masurufu aliyochukua. Mhudumu wa hoteli hurudisha sare na funguo. Inafaa orodha ya vitu vilivyokabidhiwa isainiwe na pande zote mbili, maana kifaa kisichojulikana kilipo huwa kisingizio cha kuchelewesha malipo.

Mwajiri anaweza kuamua kwamba mfanyakazi asiendelee kuja kazini, bali amlipe ujira ambao angeupata kama angefanya kazi muda wote wa notisi. Hii huitwa malipo badala ya notisi, na hutumika zaidi pale mfanyakazi anapohamia kampuni shindani.

Kwa upande mwingine, mfanyakazi akikataa kufanya kazi katika muda wa notisi, mwajiri ana haki ya kukata katika fedha anazomdai kiasi ambacho angemlipa kwa muda huo.

### Mfano wa hesabu

Chukulia mhudumu wa hoteli ya Usa River mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 520,000 kwa mwezi, anayefanya kazi siku sita kwa wiki. Kwa jedwali la sheria, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa idadi ya siku za kazi za wiki. Ujira wake wa siku ni takriban shilingi 20,000.

Tuseme amefanya kazi siku 12 za mwezi ambazo hajalipwa, na amefanya kazi siku 78 tangu mzunguko mpya wa likizo uanze. Malipo ya likizo ambayo haijachukuliwa ni ujira wa siku moja kwa kila siku 13 za kazi, yaani siku 6. Stahili zake ni:

* mshahara wa siku 12: shilingi 240,000;
* likizo ya siku 6: shilingi 120,000;
* jumla: shilingi 360,000.

Akiondoka leo bila notisi, makato ya takriban mshahara wa mwezi mmoja yanatosha kumeza stahili zote hizo. Akikaa siku 28, anapata shilingi 360,000, mshahara wa muda wa notisi na nyongeza ndogo ya likizo. Kwa mtu wa kipato hicho, tofauti hiyo ni kodi ya nyumba au ada ya mtoto.

## Stahili za anayejiuzulu

Ajira inapokoma, mwajiri anatakiwa kulipa mshahara wa siku zilizofanyiwa kazi na malipo ya likizo ambayo haijachukuliwa. Analazimika pia kutoa cheti cha utumishi kinachoonyesha kwamba mtu huyo alifanya kazi hapo. Cheti hicho si zawadi ya mwajiri kwa mfanyakazi mwema. Ni haki ya kila anayeondoka.

Kiinua mgongo cha kisheria, ambacho ni ujira wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka 10, hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira ya mtu aliyetumikia angalau miezi 12 mfululizo. Anayejiuzulu hakipati, isipokuwa mkataba wake au mkataba wa hali bora umesema vingine.

Michango ya hifadhi ya jamii haipotei. Katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) mchango ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu ikitoka kwa mwajiri na nusu kwa mfanyakazi, na akaunti ya mwanachama huendelea akiajiriwa kwingine. Lakini fao la kukosa ajira limewekwa kwa ajili ya waliopoteza kazi bila kupenda. Aliyeacha kazi kwa hiari yake hana sifa ya kulipata. Jambo hili hugunduliwa na wengi wakiwa wamechelewa, wanapofika kwenye dirisha la mfuko na nakala ya barua waliyoiandika wenyewe.

Madeni nayo hayaishi. Mkopo wa benki au wa chama cha akiba na mikopo uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara unabaki kuwa deni. Wanaodaiwa mkopo wa elimu ya juu hurejea kukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa mwajiri mpya.

## Kujiuzulu kwa kulazimishwa

Si kila barua ya kujiuzulu imetoka moyoni. Sheria inatambua kwamba mwajiri anaweza kuyafanya mazingira ya kazi yasivumilike hadi mfanyakazi aondoke. Hapo kujiuzulu huhesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi, na mwajiri hujibu kama aliyemfukuza. Kanuni za 2007 zinataja unyanyasaji wa kingono, au kushindwa kumlinda mfanyakazi dhidi yake, na pia kutendewa isivyo haki. Katika hali hii ya pili mfanyakazi anatarajiwa kuwa amejaribu kwanza njia za kulalamika zilizopo kazini, isipokuwa ana sababu nzuri ya kutofanya hivyo.

Namna inayojulikana zaidi ni ya mfanyakazi kuitwa ofisini na kuwekewa mbele barua iliyokwisha kuchapwa, aambiwe achague kati ya kuisaini au kufukuzwa. Anayesaini hupoteza kiinua mgongo na fao la kukosa ajira mara moja, na baadaye anabeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hakusaini kwa hiari. Mfanyakazi ana haki ya kukataa kusaini, kuomba muda, au kuita mwakilishi wa chama chake. Katika hoteli, hifadhi na majumbani chama kikubwa ni CHODAWU. Mashambani ni TPAWU. Viwandani na katika biashara ni TUICO.

Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki, yakiwemo ya kujiuzulu kwa kulazimishwa, hayapokelewi kwa mtu aliyefanya kazi chini ya miezi sita.

## Migogoro

Migogoro hupelekwa kwanza katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), iliyoundwa na Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004 na yenye ofisi jijini Arusha. Malalamiko kuhusu uhalali wa kusitishwa kwa ajira yanapaswa kufikishwa ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mshahara au likizo ambayo haijalipwa, ndani ya siku 60. Anayechelewa hulazimika kuomba kuongezewa muda na kueleza kwa nini alichelewa. Tume huanza kwa usuluhishi, na usiposhindikana shauri huishia hapo. Ukishindikana, linakwenda kwenye uamuzi. Asiyeridhika anaweza kuomba mapitio Mahakama Kuu.

## Hali ya Arusha

Kalenda ya kazi ya Arusha hufuata majira. Wageni ni wengi kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena kuanzia Desemba hadi Februari. Mwezi wa Aprili na Mei, wakati wa masika, kambi nyingi za watalii hupunguza shughuli au kufungwa. Notisi inayotolewa mwanzoni mwa Julai humwacha mwajiri katika hali ngumu ya kutafuta mtu, na ile ya Aprili mara nyingi humpata mfanyakazi bila kazi nyingine ya kwenda. Katika mashamba ya maua ya Usa River na Tengeru, wiki za kabla ya tarehe 14 Februari ndizo za kazi nyingi, na katika mashamba ya kahawa ya miteremko ya Meru ni wakati wa mavuno, nusu ya pili ya mwaka.

Waongoza watalii wengi hulipwa kwa safari na hawana mkataba wa mwezi. Kama kwa hakika wanafanya kazi chini ya usimamizi wa kampuni moja na kuitegemea kwa kipato, sheria inaweza kuwachukulia kuwa waajiriwa, na hapo suala la notisi linawahusu.

Jiji lina pia wafanyakazi ambao sheria ya Tanzania haiwagusi kwa namna hiyo. Watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu Arusha, hufuata kanuni za Jumuiya, na migogoro yao husikilizwa na Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha tangu mwaka 1995, ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015. Waliokuwa wamebaki hapo walijua mapema siku ambayo kazi ingeisha.

## Kujiuzulu kwa viongozi

Viongozi wa kisiasa hawana muda wa notisi. Katiba ya mwaka 1977 inamtaka mwenye madaraka atoe taarifa iliyoandikwa na kusainiwa kwa mkono wake. Ali Hassan Mwinyi aliacha uwaziri wa mambo ya ndani katika miaka ya 1970 kufuatia vifo vya watuhumiwa mikononi mwa vyombo vya dola. Tarehe 7 Februari 2008 Edward Lowassa, mbunge wa Monduli mkoani Arusha, alijiuzulu uwaziri mkuu kutokana na sakata la Richmond, na baraza zima la mawaziri likavunjika. Ubunge wake uliendelea. Spika Job Ndugai alijiuzulu tarehe 6 Januari 2022.

## Nchi jirani

Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inaweka pia siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2006, hupanga notisi kulingana na urefu wa utumishi: wiki mbili kwa aliyefanya kazi zaidi ya miezi sita, mwezi mmoja baada ya mwaka, miezi miwili baada ya miaka 5, na miezi mitatu kwa miaka 10 na zaidi. Nchini Tanzania aliyetumikia miaka 20 na aliyetumikia miezi miwili wana siku zilezile 28, isipokuwa mkataba wao umesema zaidi.